Neno "nadharia" mahakamani: kisa cha Dover

Wadau, leo kisa kimoja tu ila tukichambue mpaka kiishe. Januari 2005, wilaya ya shule ya Dover, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wanafunzi wa darasa la tisa wanakaribia kuanza mada ya mageuko ya viumbe kwenye biolojia, halafu badala ya mwalimu wao anaingia mtu wa utawala kashika karatasi, anasoma aya nne fupi, anamaliza, anaondoka. Maswali hakuna, mjadala hakuna, na mtoto ambaye mzazi wake hataki aisikie hiyo karatasi karuhusiwa kutoka nje. Huyo wa utawala kaja kwasababu walimu wa biolojia walikataa kuisoma, waliandika barua kabisa kwamba kuisoma ni kulipotosha somo kwa makusudi na maadili ya kazi yao yanakataza.

Kwenye hizo aya nne neno "nadharia" limetokea mara saba. Kilichofuata ni kesi ya shirikisho iliyozaa hukumu ya kurasa 139, na ukiisoma utaona dini iko katikati kweli (ntaigusa, haikwepeki), lakini silaha iliyotumika pale darasani ilikuwa neno moja la kitaaluma ambalo kila fani inalitumia kivyake na watu wa kawaida nao wana la kwao.

Usuli niupitie haraka. Oktoba 2004 bodi ya shule ilipiga kura, 6 kwa 3, kwamba wanafunzi wajulishwe "mapengo" kwenye nadharia ya Darwin (ndio hiyo ya mageuko, kwamba viumbe vimebadilika na vina asili moja) na pia wajulishwe nadharia nyingine, ikiwemo ile ya usanifu wenye akili, yani hoja kwamba viumbe ni tata mno lazima kuna msanifu aliyewapangilia. Desemba wazazi 11 wakafungua kesi. Wakasema hii ni imani ya dini imeingizwa darasani kwa mlango wa sayansi, na Katiba ya Marekani hairuhusu serikali kusimika dini, na shule za umma ni serikali. Shauri likasikilizwa Harrisburg kuanzia mwisho wa Septemba mpaka mwanzo wa Novemba 2005, mbele ya jaji John E. Jones III, ambaye aliteuliwa na rais George W. Bush, mtu wa mrengo wa kulia, kwahiyo wale waliosema baadae kwamba jaji alikuwa mpinga dini wa mrengo wa kushoto walipata shida kidogo kuieleza hiyo.

Sasa turudi kwenye karatasi maana hapo ndio kuna utamu. Kwa maneno yangu inasema hivi: kwa kuwa nadharia ya Darwin ni nadharia, inaendelea kupimwa kadri ushahidi mpya unavyopatikana. Nadharia hii sio jambo la hakika. Kuna mapengo ndani yake ambayo hayana ushahidi. Nadharia maana yake ni maelezo yaliyopimwa vizuri yanayounganisha mambo mengi yaliyoonwa. Baada ya hapo inaleta usanifu wenye akili kama "maelezo" yanayotofautiana na ya Darwin, inataja kitabu kinachoitwa Of Pandas and People kwamba kipo kwa anayetaka, na inamalizia kwa kumsihi mwanafunzi awe na akili wazi kuhusu nadharia yoyote.

Umeona? Ile fasili ya "maelezo yaliyopimwa vizuri yanayounganisha mambo mengi yaliyoonwa" ni sahihi kabisa, mwanasayansi yeyote anaisaini. Watu wengi wanaosimulia hiki kisa wanasema bodi haikujua maana ya nadharia kwenye sayansi, mimi nakataa, maana ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi yao wenyewe. Tatizo ni mpangilio. Mwanafunzi kabla hajafika kwenye fasili ameshaambiwa vitu vitatu: hii ni nadharia ndio maana bado inapimwa, hii sio hakika, hii ina mapengo. Yani neno limeingia likiwa na maana ya mazungumzo ya kawaida, ile ya kukisia, halafu sentensi moja baadae likavalishwa maana ya maabara, halafu likaendelea na safari. Mtoto wa miaka kama 14 au 15 haruhusiwi kuuliza swali, atabaki na ipi? Atabaki na ya kwanza, ile aliyotoka nayo nyumbani.

Halafu chukua sentensi mojamoja uone zilivyo salama. "Inaendelea kupimwa", kweli, kila nadharia ya sayansi inaendelea kupimwa, hiyo ndio kazi. "Sio jambo la hakika", nayo kwa namna fulani ni kweli, ntaeleza. "Ina mapengo", sawa, ipi haina. Huwezi kumshika mtu uongo kwenye sentensi hata moja, ila zikikaa pamoja, na zikisemwa kuhusu nadharia moja tu kati ya zote zinazofundishwa shuleni, zinasema kitu ambacho hakuna sentensi iliyokitamka. Kemia ina nadharia ya atomu, hakuna aliyeingia darasani na karatasi. Magonjwa ya kuambukiza tunayaelewa kupitia nadharia ya vijidudu, kazi ya kina Pasteur na Koch karne ya 19, na daktari wa upasuaji ananawa mikono kwa sababu ya nadharia, hakuna anayemwambia awe na akili wazi kabla hajashika kisu.

Hapa nitoke nje ya kesi kidogo kwasababu sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna mtego wetu. Jaribu kutafsiri ile sentensi fupi ya karatasi. Ukiandika "nadharia hii si ukweli" umeshatia chumvi nyingi kuliko hata bodi ya Dover, maana "si ukweli" kwetu inasikika kama uongo, ilhali wao walisema tu kwamba sio aina ya vitu vinavyoitwa vya hakika. Neno letu "ukweli" linabeba vitu viwili, jambo lililotokea na likashuhudiwa, na pia usahihi wa kauli. Ndio maana hapo juu nimeweka "jambo la hakika" japo lina kaukavu fulani.

Na "nadharia" yenyewe kwetu ni pana kupita kiasi. Kwenye hisabati tunasema nadharia ya Pythagoras, kitu kilichothibitishwa kwa hoja mpaka mwisho, hakuna ushahidi mpya utakaokuja kesho kukibadilisha. Kwenye utafiti tunasema nadharia tete, ambayo ni dhana ya mwanzo kabisa, hata haijapimwa. Ile ya juu kabisa na ile ya chini kabisa zote tumeziita nadharia! Na kwenye maongezi tunasema "hiyo ni kinadharia tu, kivitendo haiwezekani", hapo hatuilinganishi nadharia na hakika, tunailinganisha na vitendo. Mmarekani wa kawaida anaposema "ni nadharia tu" anamaanisha umekisia huna uhakika. Sisi mara nyingi tunamaanisha umekariri ila hujawahi kufanya. Ni madharau mawili tofauti, na mtu akitafsiri mjadala wa Dover bila kuliona hilo anatuletea ugomvi ambao kwetu haujakaa sawa.

Turudi mahakamani. Kitu ninachokipenda kwenye hii kesi ni kwamba fani tofauti ziliitwa kizimbani moja baada ya nyingine, kila moja na lugha yake. Upande wa wazazi alianza Kenneth Miller, mwanabiolojia wa chuo kikuu cha Brown na mmoja wa waandishi wa kitabu cha biolojia ambacho shule hiyohiyo ilikuwa inakitumia. Wakaja Robert Pennock mwanafalsafa, John Haught mwanateolojia, Barbara Forrest aliyefuatilia historia ya harakati yenyewe, Kevin Padian wa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale), Brian Alters wa elimu. Upande wa bodi Michael Behe mwanabiokemia wa chuo kikuu cha Lehigh, Scott Minnich wa mikrobiolojia, na Steve Fuller ambaye ni mwanasosholojia wa sayansi kutoka Uingereza.

Miller pointi yake ilikuwa kwamba ngazi ambayo watu wengi wanayo kichwani ni ya uongo. Watu wanadhani kuna ngazi, chini kuna kukisia, juu yake nadharia, nadharia ikikomaa inakuwa jambo la hakika au inapanda cheo inakuwa kanuni. Haiko hivyo. Nadharia haikui ikawa jambo la hakika, kwasababu kazi yake ni kuyaeleza mambo ya hakika kwanini yako hivyo, ni vitu vya aina mbili. Na kanuni nayo sio nadharia iliyopandishwa cheo. Angalia fizikia: kanuni ya mvutano ya Newton ya 1687 na nadharia ya Einstein ya 1915. Ile iliyoitwa kanuni ndio ilishindwa kueleza mzunguko wa sayari ya Zebaki, ikabaki tofauti ya sekunde 43 za tao (kipimo kidogo sana cha pembe, sio muda) kwa karne, na ile iliyoitwa nadharia ikaja ikaieleza bila kulazimisha. Kwa jina tu ungedhani kinyume. Ndio maana nimesema hapo juu kwamba "sio jambo la hakika" ni kweli kwa namna fulani, na namna hiyo haina uhusiano wowote na udhaifu. Mtaalamu wa visukuku Stephen Jay Gould aliliweka vizuri tangu 1981: mageuko ni jambo la hakika na pia ni nadharia, jambo la hakika kwamba viumbe vimebadilika na vina asili moja, nadharia kuhusu vimebadilikaje. Wanabiolojia wanagombana kila siku kwenye hilo la pili, na mtu wa nje akiwasikia anadhani wanagombana kwenye la kwanza.

Fuller alikuja na lugha ya sosholojia. Kwake sayansi ni taasisi ya watu, ina waliomo ndani na waliobaki nje, na wazo jipya likisubiri lipewe kibali na walio ndani litasubiri milele, kwahiyo lipewe nafasi hata kabla halijapevuka. Kwenye semina ya sosholojia hiyo hoja ina nyama, watu wanaandika tasnifu nzima juu yake, na kihistoria kuna mifano: Alfred Wegener alileta hoja ya mabara kusogea mwaka 1912, ikakaa pembeni hadi ushahidi wa sakafu ya bahari ukaifufua miaka ya 1960. Lakini ona alichoulizwa na alichojibu. Mahakama inataka kujua kama kitu hiki kinastahili kufundishwa darasa la tisa kama sayansi, yeye anajibu jinsi mawazo mapya yanavyozaliwa. Na Wegener mwenyewe hakuingia kwenye vitabu vya shule kwa kura ya bodi, aliingia baada ya data.

Halafu kuna maana nyingine iliyokuwepo mlemle chumbani na hakuna aliyeishtukia. Mawakili wa Kimarekani wana kitu wanakiita nadharia ya kesi, ni ile simulizi kila upande inaijenga ili ushahidi wote ukae kwenye mstari mmoja. Pande mbili, nadharia mbili, zote halali kisheria mpaka jaji aamue, na wakili hatakiwi kuipima yake kwa kutafuta kitakachoivunja, anatakiwa kuitetea. Ni kinyume kabisa na Miller anavyolitumia neno. Mimi nahisi sehemu ya mvuto wa karatasi ya Dover ilitoka huku, kwenye ile hisia ya kimahakama kwamba haki ni kusikiliza pande zote mbili, hivyo mtoto apewe nadharia mbili achague. Ukihamisha hisia hiyo kwenye sayansi inasikika kama uungwana wakati imebeba maana ya neno kutoka fani nyingine.

Sasa tufike kwa Behe, maana hapa ndipo neno lilipobanwa mpaka likasema. Kuna fasili ya chuo cha taifa cha sayansi cha Marekani, kwamba nadharia ni maelezo yaliyothibitishwa vizuri kuhusu kipengele fulani cha ulimwengu wa asili, yanayoweza kujumuisha mambo ya hakika, kanuni, hitimisho za kimantiki na dhana zilizopimwa. Behe alikubali kwamba kwa kipimo hicho usanifu wenye akili haufiki. Ila akasema yeye ana fasili yake iliyo pana zaidi: nadharia ni maelezo yaliyopendekezwa ambayo yanaelekeza kwenye data zinazoonekana na hitimisho za kimantiki. Ona kilichotolewa hapo. "Yaliyothibitishwa" imetoka, imeingia "yaliyopendekezwa". Wakili wa wazazi Eric Rothschild akamuuliza, kwa fasili hiyo unajimu nao ni nadharia ya kisayansi? Behe akajibu kwamba ndio, ungeingia, pamoja na mambo mengine mengi ya kwenye historia ya sayansi ambayo leo tunaona sio sahihi.

Vyombo vya habari vilicheka sana. Mimi nadhani Behe hakustahili kicheko kile chote, na hapa najua baadhi yenu mtanirushia mawe. Alichosema kina ukweli wa kihistoria. Nadharia ya flojistoni, kwamba kitu kikiungua kinatoa dutu fulani, iliangushwa na Lavoisier mwishoni mwa karne ya 18 na mpaka leo tunaiita nadharia, hatukuinyang'anya jina ilipokufa. Neno kwenye vinywa vya wanasayansi halina adabu kama lilivyo kwenye fasili ya chuo cha taifa. Nadharia ya nyuzi kwenye fizikia (kwamba chembe zote za maada kwa undani ni nyuzi ndogo mno zinazotikisika) imefanyiwa kazi kwa miongo, hisabati yake nzito, majaribio yaliyoithibitisha moja kwa moja hakuna, na bado inaitwa nadharia na hakuna polisi anayekuja. Kwahiyo wale wanaojibu kwa haraka kwamba "kwenye sayansi nadharia maana yake ni kitu kilichothibitishwa", nao wamekata kona. Wakikutana na mtu mjanja akawauliza habari ya nyuzi watakwama, na wakikwama hapo watakuwa wameipa karatasi ya Dover ushindi ambao haikustahili.

Kosa la Behe lilikuwa sehemu nyingine. Alitumia maana pana kuingia mlangoni kisha bidhaa ikauzwa darasani kwa heshima ya maana finyu. Ukikubali kwamba nadharia ni pendekezo lolote lenye data na mantiki, sawa, hakuna shida, ila basi kuitwa nadharia hakukupi haki yoyote ya kufundishwa, maana mlango ni mpana hadi unajimu umepita. Na ukitaka kuitwa nadharia kukupe haki ya kufundishwa, basi turudi kwenye maana finyu, na hapo mwenyewe umekiri hufiki. Huwezi kula vyote viwili, na Rothschild hakuhitaji hotuba kuonyesha hilo, swali moja la unajimu lilitosha.

Nilisema fani zinatofautiana na sijamaliza, kwasababu kuna watu wanaodhani suluhisho ni kuweka fasili moja kwa wote. Haiwezekani na wala haifai. Kwenye hisabati nadharia ya namba au nadharia ya makundi ni jina la eneo zima la kazi, fasili na thibitisho zilizokaa pamoja, hakuna anayeuliza kama nadharia ya namba "imethibitishwa". Kwenye muziki nadharia ni maelezo ya jinsi sauti zinavyopangwa kwenye utamaduni fulani, ukienda utamaduni mwingine unakuta nyingine na hakuna iliyokanusha nyenzake. Kwenye fasihi ndio kabisa, nadharia ni miwani: unachukua riwaya moja unaisoma kwa umaksi, mwenzako anaisoma kwa ufeministi, mnapata vitu viwili tofauti na wote mnapewa maksi. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea hivyo akisikia "kuna nadharia mbili za asili ya viumbe" hatashtuka hata kidogo, kwake ni jambo la kawaida, achague miwani. Sio mjinga, anatumia neno vizuri kabisa kwa sheria za kwao. Kwenye biolojia maelezo mawili yakigongana juu ya swali lilelile lazima kuwe na kitu kimoja angalau kinachoweza kuonekana ambacho kikitokea kinaangusha mojawapo, na hilo ndilo swali ambalo karatasi ya Dover haikumpa mtoto: usanifu wenye akili unatabiri nini ambacho kisipotokea tutauacha?

Na kuhusu kile kitabu cha Of Pandas and People. Forrest alionyesha mahakamani rasimu zake za zamani. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya Louisiana ya kulazimisha "sayansi ya uumbaji" ifundishwe sambamba na mageuko inakiuka Katiba. Rasimu za kabla ya uamuzi zilisema uumbaji, za baada ya uamuzi zikasema usanifu wenye akili, sehemu zilezile, fasili ileile, neno tu limebadilishwa, jaji alihesabu kama mara 150 hivi. Kwenye rasimu moja aliyekuwa anabadilisha alibandika neno jipya juu ya la zamani vibaya vikabaki vipande vya yote mawili kwenye neno moja lisilosomeka. Wachambuzi wa visukuku walifurahi sana kupata kiungo cha kati cha aina hiyo, yani hatua ya mpito kati ya cha zamani na kipya.

Tarehe 8 Novemba 2005, kabla hukumu haijatoka, wapiga kura wa Dover waliwaondoa wajumbe wote 8 wa bodi waliokuwa wanagombea tena. Desemba 20 jaji Jones akatoa hukumu: usanifu wenye akili sio sayansi, sera ya bodi ni ya kidini, imekiuka Katiba. Wilaya ikaja kukubali kulipa zaidi kidogo ya dola milioni 1 za gharama za mawakili wa upande wa pili, hela ya walipa kodi.

Kuhusu neno letu, jaji alifanya kitu ambacho mimi nakiona cha busara, hakukaa kuamua maana ya kweli ya nadharia ni ipi duniani. Aliuliza msikilizaji wa kawaida, mwanafunzi aliyeketi pale, atasikia nini. Alifuata njia ambayo mahakama ya shirikisho huko jimbo la Georgia ilishaipita Januari hiyohiyo ya 2005, kwenye kesi ya wilaya ya Cobb ambako mwaka 2002 walibandika stika kwenye vitabu vya biolojia kwamba mageuko ni nadharia na sio jambo la hakika. Huko jaji alisema stika inamfanya msomaji aone mageuko ni maoni au hisia tu ya kutiliwa shaka. (Kesi ya Cobb ilirudishwa nyuma na mahakama ya rufaa mwaka 2006 kwa sababu ya kumbukumbu za ushahidi, ikaishia kwenye makubaliano, stika hazikurudi.) Jones akasema Dover ni hivyohivyo: kuichagua nadharia moja tu na kuiwekea tahadhari kunamwambia mtoto ina kasoro ya pekee, hata kama kila sentensi imeandikwa kwa makini.

Kwangu hicho ndicho kipimo kizuri kuliko kamusi. Ugomvi wa aina hii ukiupeleka kwenye kamusi hauishi, maana kamusi itakupa maana zote na kila upande utanyanyua yake. Ukiuliza neno limemfikiaje msikilizaji, katika mpangilio gani, na lilibadilika maana kwenye sentensi ya ngapi, unaweza kuonyesha kwa kidole.

Baada ya Dover watunga sheria walijifunza, ila sio walichotakiwa kujifunza. Mwaka 2008 Louisiana, ileile ya 1987, ilipitisha sheria mpya ya elimu ya sayansi. Usanifu wenye akili hautajwi popote. Tahadhari kwamba mageuko sio hakika hakuna. Inasema tu walimu wasaidiwe kukuza fikra za uchambuzi na mjadala wa wazi kuhusu nadharia za kisayansi zinazofundishwa, halafu inataja mifano: mageuko, asili ya uhai, ongezeko la joto duniani, na uzalishaji wa binadamu kwa kunakili. Mageuko ni nadharia, sawa. Asili ya uhai ni swali lililo wazi, lina dhana kadhaa zinazoshindana. Joto kuongezeka ni vipimo vya thamometa. Kunakili binadamu ni mbinu ya maabara, mtu anaweza kuipinga kwa maadili au kuipigia marufuku, lakini sijui mwalimu atawauliza wanafunzi ushahidi upi unaoikanusha.